Mama Mkwe Amegoma Kushuka

Kwanza niwaweke sawa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliwapita.

Mimi ni mtahini wa madereva. Anayetaka leseni katika mji wetu lazima apite mikononi mwangu, nami si mtu wa kupitisha watu ovyo. Ndiyo maana wananiita Rudia. Wananiita hivyo ofisini, wananiita hivyo mtaani, na mke wangu huniita hivyo akikasirika.

Gari letu la zamani lilikufa kwa aibu. Sakafu ya mbele ilidondoka tukiwa kwenye mzunguko, ikaondoka na kiatu cha mke wangu. Wiki hiyohiyo mke wangu, ambaye ni mkunga, akapata uhamisho. Kuanzia Jumatatu atafanya kazi katika zahanati iliyo juu ya mlima, mwisho wa barabara ya mawe. Teksi hazipandi huko. Zahanati ina nyumba za watumishi.

“Gari likipatikana kabla ya Jumatatu, nitakwenda asubuhi na kurudi jioni,” aliniambia. “Lisipopatikana, nahamia. Wewe utabaki na mama.”

Mama, maana yake ni mama yake. Namheshimu sana mama mkwe wangu. Lakini kubaki naye sisi wawili tu mezani, yeye akinitazama ninavyotafuna, ni jambo lililoninyima usingizi tangu nilipolisikia.

Basi nikaanza kutafuta gari. Baada ya mchujo yakabaki mawili, yote ya aina ile ambayo wauzaji huiita krosova: si gari la chini la mjini, si gari la porini, bali kitu cha katikati kilichopandisha mabega. Moja la kijivu, moja jekundu. Yadi zake zinatazamana, barabara iko katikati, na wauzaji wake hawasalimiani.

Jekundu nililipima Ijumaa. La kijivu nililiwekea Jumamosi. Mimi ni mtu wa utaratibu.

* * *

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama mkwe sebuleni, amevaa viatu vya kutokea. Miguuni pake palikuwa na begi kubwa lililofunikwa shuka.

“Mama, unasafiri?”

“Nakwenda na wewe kuchagua gari.”

“Na begi?”

“Mna mto wangu wa kiuno, mkwe. Au siku hizi na mito inatahiniwa?”

Mke wangu alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, anakwenda kwenye zamu yake ya mwisho hospitalini. Aliinama zaidi kuliko kamba zilivyohitaji. Sikulitilia maanani.

“Nitawakuta yadi saa sita,” alisema akiwa bado ameinama. “Na leo uchague, mume wangu. Unayapima hayo magari kama mtu anayetafuta mchumba.”

“Ungepima wewe hivyo, mwanangu,” akadakia mama yake, “leo tungekuwa na mkwe mwingine.”

Wakacheka wote wawili. Mimi nikachukua kalamu yangu, tukaondoka.

* * *

Muuzaji wa gari la kijivu ni mwanamume mwembamba wanayemwita Meno Nje, kwa sababu hutabasamu hata anapopiga chafya. Siku zote nilihudumiwa na bosi wake. Siku hiyo bosi alikuwa mgonjwa, na Meno Nje ndiye aliyetoka kutupokea.

Aliponiona, tabasamu likazimika kama taa. Akarudi nyuma, akajigonga kwenye bango la bei.

“Karibu, mheshimiwa,” alisema, akilitazama bango.

Nilidhani ni haya za biashara.

Mama mkwe akaagiza begi lake liwekwe kwenye buti. Meno Nje akabonyeza kitufe kimoja kati ya vitufe vingi karibu na usukani, na buti likafunguka lenyewe, polepole, kama linapiga miayo.

“Mama,” nikasema, “mto wa kiuno si ungekaa nao kitini?”

“Kiuno hakijaanza kuuma.”

Akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango. Meno Nje akaninyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

“Karibu uendeshe, mzee.”

Hapa lazima nieleze jambo. Mtahini hakai kwenye usukani. Mtahini hukaa kushoto, kalamu mkononi, na hutazama. Nimekaa kushoto miaka yangu yote ya kazi. Hata nyumbani dereva ni mke wangu. Mimi hukaa kushoto na kuvuta pumzi kwa nguvu kila anapokata kona.

Kwa hiyo miguu yangu ilinipeleka kushoto bila kuniuliza. Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikatoa kalamu.

“Washa gari,” nikasema. “Ukiwa tayari, toka.”

Meno Nje akageuka kumtafuta anayeambiwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Akaingia. Nami nikamwongoza kwenye njia yangu ya mtihani, kama nilivyomwongoza mwenzake wa gari jekundu siku iliyotangulia: kushoto penye benki, kuzunguka mzunguko, kurudi nyuma mbele ya ghala, kisha kuegesha kati ya nguzo mbili. Njia ile naweza kuipita nimefumba macho.

Gari lilikuwa zuri, sikatai. Kiti kilinipokea vizuri. Kikombe kilikaa mahali pake bila kucheza. Kioo cha mbele kilikuwa kipana. Nikaandika kwamba kwa vikombe la kijivu limelishinda jekundu, na kwa nafasi ya magoti wametoka sare.

Lakini jicho langu halikutulia kwenye vikombe. Lilikuwa kwa dereva.

Tulipofika kwenye nguzo akazima injini. Nami, kabla sijafikiri, nikamgeukia nikasema maneno ninayoyasema kila siku ya kazi:

“Hukutazama kioo cha pembeni. Umeingia mzunguko kwa pupa. Hapa umepanda ukingo. Umeshindwa. Rudia.”

Meno Nje akaweka paji la uso kwenye usukani. Honi ikalia.

“Tena, mzee?”

“Tena vipi?”

“Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Mwaka juzi ulisema hivyohivyo. Mchumba wangu alisema tutaoana nikipata leseni. Sasa ana watoto na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni dereva wa basi!”

Nilimtazama vizuri. Ni kweli, ule ukingo nilikuwa nimewahi kumwona akiupanda.

“Unauza magari na huna leseni?”

“Kuuza hakudai leseni, mzee. Wateja huendesha wenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kukaa huko!”

Kutoka nyuma mama mkwe akaguna.

“Mkwe, tumekuja kununua gari au kumliza mtoto wa mwanamke mwenzangu?”

Sheria ni sheria. Nikamwamuru Meno Nje atoke kwenye usukani mara moja. Kisha, kwa kuwa gari lisingeweza kubaki pale, nikatafuta wapita njia wenye mabega, na gari likasukumwa hadi yadi. Mimi nilitembea mbele nikisimamisha magari. Mama mkwe alibaki kiti cha nyuma, akiwapungia watu mkono.

Kwa nini sikuliendesha mwenyewe? Hilo swali wapita njia waliniuliza pia. Niliwajibu kwamba nilikuwa kazini.

* * *

Tulipofika yadi nikamfungulia mama mkwe mlango.

“Shuka, mama. Tukalione na jekundu.”

“Sishuki.”

“Mama?”

“Kiti hiki kinapasha joto. Kiuno changu kimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimzae mke wako. Mimi hapa nimefika.”

“Lakini mama, lazima tulinganishe.”

“Linganisha. Nani amekukataza? Mimi nalinganisha nikiwa nimekaa.”

Habari zilivuka barabara haraka. Mara nikaona gari jekundu linakuja, na kwenye usukani yuko muuzaji wake, mwanamke mnene mwenye miwani juu ya nywele, ambaye wote humwita Madamu. Nikanyanyua mkono nimsimamishe.

“Leseni yako? Jana sikukuuliza.”

“Nilipata kabla hujaajiriwa,” akasema, “na kila siku namshukuru Mungu kwa hilo.”

Akaliegesha jekundu ubavuni mwa la kijivu, akateremsha kioo, akabadilisha sauti ikawa asali.

“Mama yangu, njoo huku ukae kidogo. Kiti cha huku kinapuliza upepo.”

“Upepo wa nini? Mimi ni nguo za kukauka?”

“Basi, utazame tu dari lake. Lina kioo, unaona hadi mawinguni.”

“Mawingu nayajua, mwanangu. Hebu lizungushe nilione ubavu.”

Madamu akalizungusha.

“Washa taa.”

Akawasha taa.

“Piga honi.”

Akapiga honi.

“Rudi nyuma, kisha uje taratibu, kama bibi harusi.”

Na gari jekundu, jipya, la watu wa heshima, likawa linazunguka gari la kijivu kama ng’ombe mnadani, huku mama mkwe akitikisa kichwa dirishani. Watu wakajaa. Upande mmoja wakashangilia kijivu, upande mwingine wakashangilia jekundu. Meno Nje, aliyekuwa amekaa juu ya tairi la spea akifuta machozi, akasahau msiba wake akaanza kupiga makofi.

“Zuri sana,” mama mkwe akatoa hukumu. “Sishuki.”

* * *

Saa sita mke wangu akafika. Alikuwa na sare ya kazi na uso wa mtu aliyeshinda asubuhi nzima na wazazi wawili na baba mmoja aliyezimia. Akatazama umati. Akamtazama mama yake. Kisha akanitazama mimi.

Nilimpa taarifa kwa mpangilio. Vikombe, kijivu. Dari, jekundu. Magoti, sare. Kiti cha nyuma, kijivu, shahidi yumo ndani. Sauti ya honi, jekundu.

Alinisikiliza hadi mwisho.

“Na mlima?”

“Mlima gani?”

“Mlima wa kazini kwangu, mume wangu. Ule ambao ndio tunaununulia gari. Lipi linapanda?”

Umati ukasogea karibu. Hata Madamu akaishusha miwani machoni.

“Uliyapima wapi haya magari?” mke wangu akauliza tena, polepole, kama anayezungumza na mzazi wa mara ya kwanza.

“Kwenye njia ya mtihani.”

“Ina mlima?”

Njia ya mtihani haina mlima. Mji wetu wa chini ni tambarare kama meza. Zoezi la kuondoka mlimani mimi huliuliza kwa mdomo, na mtahiniwa hujibu kwa mdomo: kanyaga breki, vuta breki ya mkono, weka gia, kanyaga mafuta, achia breki ya mkono. Anayekosea mpangilio hurudia. Nimewafelisha watu wengi sana kwa mpangilio huo.

“Haina,” nikasema.

Nyuma ya kioo mama mkwe alicheka hadi gari likatikisika.

Mke wangu hakucheka. Akavuta pumzi, akaniwekea mkono begani.

“Sikiliza. Tunapanda sasa hivi na yote mawili. Litakalofika juu bila kulalamika ndilo tutakalochukua. Yasipofika, hakuna tena kuyapima. Jumatatu nahamia. Nimechoka kusubiri hukumu yako.”

Sauti yake ilipofika kwenye neno “nahamia” ikayumba kidogo. Nikatambua kwamba hata yeye hataki. Mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka mingi na asijue kuwa anaogopa kukosekana kwake asubuhi moja tu.

“Mimi naendesha jekundu, na Madamu anakaa kando yangu,” akasema. “La kijivu nani anaendesha?”

Meno Nje akatazama chini. Madamu akatazama juu. Mama mkwe akagonga kioo.

“Mimi sishuki, msinihesabu.”

Wakabaki wananitazama mimi. Umati mzima ulinitazama. Nikasikia mtu nyuma akinong’ona, “Kumbe Rudia anajua kuendesha?”

* * *

Ninajua kuendesha. Nataka jambo hili lieleweke. Leseni ninayo, na ni safi kabisa, kwa kuwa haijatumika.

Nilikaa kulia. Dunia ya upande ule ni nyingine. Kila kitu kipo mahali pasipo pake. Ilikuwa lazima Meno Nje awepo kwa niaba ya yadi, kwa hiyo akakaa kushoto, kwenye kiti changu. Kalamu yangu nilikuwa nimeisahau pale. Akaiokota.

Akaishika kama nilivyoishika mimi.

“Washa gari,” akasema kwa sauti ya chini. “Ukiwa tayari, toka.”

Tukatoka. Kwenye tambarare nilikwenda vizuri. Nilitazama vioo vyote, nikavitazama tena, hadi mama mkwe akauliza kama nimepoteza kitu. Jekundu lilitufuata, mke wangu kwenye usukani, uso wake umetulia kwenye kioo changu cha nyuma.

Barabara ya mawe ikaanza. La kijivu likashika, likapanda, halikulalamika hata kidogo. Nikaanza kuimba moyoni. Niliiona jioni ya Jumatatu: mke wangu anaingia nyumbani, anavua viatu, ananilalamikia. Sijawahi kutamani kulalamikiwa kiasi kile.

Katikati ya mlima, mahali barabara inaposimama wima kama ukuta, jiwe kubwa lilikuwa limeporomoka njiani. Nikafunga breki. Meno Nje akashuka, akalisukuma kando, akarudi kukaa.

“Sasa,” akasema, kalamu tayari, “kuondoka mlimani.”

Nikacheka kidogo kwa dharau. Mguu kwenye breki. Gia nikaiweka huru, kama ninavyowaelekeza watu wote wanaposimama. Nikapeleka mkono pembeni nivute breki ya mkono.

Haikuwepo.

Nilipapasa kiti. Nilipapasa goti la Meno Nje. Mahali pa breki ya mkono palikuwa na vile vikombe nilivyovisifu.

“Breki ya mkono iko wapi?”

“Ni kitufe, mzee.”

“Kipi?”

“Mtahiniwa haulizi maswali wakati wa mtihani,” akasema Meno Nje. Naapa alikuwa anatabasamu.

Nikaamua kuondoka bila hiyo breki. Nikahamisha mguu kwenye mafuta. Injini ikanguruma kama simba, na gari likaanza kurudi nyuma. Gia, ndugu wasomaji, ilikuwa bado huru.

“Mkwe,” mama mkwe akasema, “tunakwenda kinyume.”

“Najua, mama!”

“Nyuma yuko mke wako.”

“Najua, mama!”

Nikabonyeza kitufe. Kioo cha dirisha kikashuka. Nikabonyeza kingine. Redio ikaanza kusoma habari za mvua. Nikabonyeza cha tatu kwa ngumi, na papo hapo mguu wangu ukaikumbuka breki ya chini, ukaikanyaga kwa nguvu zote.

Gari likasimama. Kati yetu na jekundu palibaki nafasi ya kupitisha paka mwembamba.

Meno Nje akaniinamia. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu, na hakuiharakisha.

“Rudia,” akasema.

Papo hapo nikasikia mlio nyuma yetu. Kitufe cha tatu hakikuwa breki. Buti lilikuwa linafunguka polepole, likipiga miayo, mlima ukiwa wima nyuma yake.

“Begi langu!” akapiga kelele mama mkwe. Akafungua mlango, akaruka nje. Mwanamke aliyegoma kushuka tangu asubuhi alishuka mbio kama msichana.

Alichelewa. Begi liliteleza likatoka, likaangukia boneti la gari jekundu, shuka likapeperuka, zipu ikapasuka. Nikangoja kuuona mto wa kiuno.

Hapakuwa na mto.

Palikuwa na suruali zangu zilizopigwa pasi. Palikuwa na mswaki wangu, viatu vyangu vya kazini, miwani yangu ya kusomea, na mashati yangu yote, yamekunjwa kwa ule mkunjo ambao mke wangu peke yake ndiye anayeujua.

Mama mkwe alisimama katikati ya magari mawili, mikono kichwani. Basi mimi ndiye niliyefungiwa virago, na wote wawili walijua. Nilimtazama mke wangu kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa mweupe kama sare yake. Mkono wake ulitafuta kitu, ukagusa waipa kwa bahati mbaya, na waipa zikaanza kwenda kushoto na kulia.

Moja ilikuwa imenasa shati langu la Jumapili. Nami nikabaki nimekanyaga breki, nikilitazama lile shati kupitia kioo, likinipungia mkono wake mmoja.